Nani Anashika Seva? Yale Ambayo Siasa na Dini Zinaweza Kujifunza kwa Michezo ya Video

Katika mijadala yetu ya hadharani, michezo ya video hutajwa kwa sura moja tu, yaani kama ugonjwa wa vijana. Mzazi hulalamika kwamba mwanawe habanduki katika kibanda cha gemu. Sheikh na padri hukumbusha kwamba wakati ni amana. Mwanasiasa naye, anapohitaji adui asiyeweza kumjibu, huahidi udhibiti. Jambo hili si letu peke yetu. Desemba 1993 maseneta Joseph Lieberman na Herb Kohl waliendesha vikao katika Seneti ya Marekani kuihoji biashara hii kuhusu umwagaji damu katika michezo, na mwaka uliofuata wenye biashara wakaunda bodi ya kuipanga michezo kwa umri wa wachezaji. Mwaka 2002 Ugiriki ilipitisha Sheria Na. 3037 iliyopiga marufuku michezo ya kielektroniki kwa maneno mapana mno, kwa shabaha ya kukomesha kamari. Mwaka 2021 China iliwawekea watoto walio chini ya miaka 18 kikomo cha saa moja kwa siku, kuanzia saa 2 hadi saa 3 usiku, tena Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu tu.

Sikusudii kuwabeza wenye hofu hizo, kwa kuwa baadhi yake zina msingi, nami nitazirejea. Hata hivyo, kama mtu ninayefundisha historia ya taasisi, naona kwamba tumekuwa tukiuliza swali upande mmoja. Tunauliza siasa na dini ziifanyie nini michezo hii; hatuulizi michezo hii inaweza kuzifundisha nini siasa na dini. Kwa zaidi ya miaka arobaini, watunzi wa michezo wamekuwa wakijenga dola ndogo ndogo. Ndani ya dola hizo maelfu ya watu wasiofahamiana wamekutana, wakafanya biashara, wakafunga ndoa, wakaibiana, wakauana na kuomboleza. Watunzi, ambao wengi wao walikuwa wahandisi wasiowahi kusoma falsafa ya utawala, walijikuta watawala bila kutaka. Makosa ambayo falme zilichukua karne nzima kuyatenda na kuyatambua, wao waliyatenda na kuyatambua kwa miezi. Kwa mwanahistoria, hiyo ni hazina.

Nitapita katika visa vinne, kwa mpangilio wa miaka.

Wema usio na shahidi

Kisa cha kwanza kinahusu dini, au tuseme maadili. Richard Garriott, Mmarekani aliyekulia Texas, mwana wa mwanaanga Owen Garriott, alikuwa amekwisha kutunga michezo mitatu ya mfululizo wa Ultima kufikia mwaka 1983. Katika michezo hiyo, kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule, mchezaji aliweza kuiba dukani na kuwaua wanavijiji, na bado akaitwa shujaa, mradi mwishoni amwangushe mwovu mkuu. Barua za wazazi zikamfikia, nyingine zikimshutumu kwamba anapotosha watoto. Garriott hakujibu kwa makala wala kwa wakili. Alijibu kwa kutunga mchezo mwingine.

Ultima IV, uliotoka mwaka 1985, hauna mwovu mkuu wa kumwua. Lengo lake ni mchezaji mwenyewe kukamilika katika fadhila nane: uaminifu, huruma, ushujaa, haki, kujitoa kwa ajili ya wengine, heshima, maisha ya kiroho na unyenyekevu. Aliyekamilika huitwa Avatar, neno lenye asili ya Kisanskriti na maana ya kushuka, ambalo Wahindu hulitumia kwa mungu anayejidhihirisha duniani. Kuna masinagogi ya aina yake, mahali patakatifu panane, ambapo mchezaji huenda kutafakari. Akiwa hajastahili, hafunguliwi.

Ustadi wa mchezo huo uko katika namna unavyopima. Katika baadhi ya miji yuko mwuzaji kipofu. Mnunuzi huchukua anachokihitaji na kuweka fedha mwenyewe. Anaweza kulipa pungufu, na mwuzaji hatajua. Hakuna kengele inayolia, hakuna askari anayetokea, na bidhaa ni zake. Lakini programu imeandika. Saa nyingi baadaye, mchezaji huyo anapokwenda mahali patakatifu kutafuta daraja la uaminifu, anakuta bado hajafika, wala haambiwi ni dhambi ipi iliyomzuia. Inambidi arudi nyuma katika kumbukumbu zake na kujihesabu. Vivyo hivyo, anayemkimbia adui hupungukiwa na ushujaa. Anayempa mwombaji huongezewa huruma. Anayejisifu pale anapoulizwa kuhusu matendo yake hupungukiwa na unyenyekevu. Katika ikulu yupo mwonaji, Hawkwind, ambaye humweleza mchezaji kwa maneno tu amefika wapi, bila kumtajia idadi.

Waislamu na Wakristo miongoni mwetu hawatashangazwa na wazo la maandishi yasiyoonekana. Dini zetu zimelihubiri kwa karne nyingi. Hata mchezo wa nyoka na ngazi, ambao watoto wetu huucheza kwa kete moja, una asili ya India, ambako ulitumiwa kufundisha kwamba fadhila hupandisha na maovu huteremsha. Ninachotaka tukione ni hiki: Garriott alitambua kwamba siku mchezaji atakapoonyeshwa namba, wema utageuka hesabu. Ataacha kumpa mwombaji kwa kuwa mwombaji ana njaa. Atampa kwa kuwa amebakiza alama tatu. Kwa hiyo aliificha namba.

Sasa tujitazame. Katika nyumba zetu nyingi za ibada, namba imetolewa nje. Majina ya wachangiaji husomwa kwa sauti pamoja na kiasi, kuanzia kikubwa kushuka chini, na mwanasiasa aliyefika na bahasha siku ya harambee hupewa kipaza sauti kabla ya mjane aliyechangia kila wiki kwa miaka kumi. Tumejenga mchezo unaoonyesha alama, kisha tunashangaa kwamba waumini wanacheza kwa ajili ya alama. Wanazuoni wa Kiislamu wana jina la maradhi haya, ria, na mapadri wana mahubiri yake. Mahubiri peke yake hayatoshi ikiwa kanuni za mchezo wenyewe zinafundisha kinyume cha kinachohubiriwa. Hilo ndilo somo la kwanza: watu hujifunza kwa muundo wa jambo kuliko kwa hotuba kuhusu jambo hilo.

Kuna somo dogo ndani ya hilo kubwa. Katika Ultima IV, aliyepoteza fadhila hafukuzwi. Njia ya kuirudia ipo, ni ndefu, na ni kwa matendo. Toba si tangazo, wala si kikao cha kuombewa mbele ya kamera. Jumuiya zetu zinazomtenga kijana kwa kosa moja, huku zikimpokea kiongozi mwizi kwa sala moja, zina kitu cha kutafakari hapo.

Kura na chura

Kisa cha pili ni cha siasa. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex nchini Uingereza, Roy Trubshaw alianza kuandika MUD, mchezo wa maandishi matupu ambamo watu wengi waliweza kuwa pamoja katika dunia moja. Richard Bartle aliuendeleza. Ukoo wake ukaenea. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Pavel Curtis, mtafiti katika kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox huko California, alifungua dunia ya aina hiyo iliyoitwa LambdaMOO. Hapakuwa na picha. Mtu aliandika anachosema na anachofanya, na wengine wakasoma. Wasimamizi wenye mamlaka ya mwisho juu ya programu waliitwa wachawi.

Wachawi hao walichoka. Kila siku waliletewa ugomvi kuamua: nani kamtukana nani, nani kavamia chumba cha nani. Desemba 1992 Curtis akatoa tangazo kwamba kuanzia hapo wachawi watashughulika na mambo ya kiufundi tu. Mambo ya kijamii wananchi wayaamue wenyewe. Kwa maneno ya siasa, mfalme alijiuzulu, akabaki kuwa fundi wa mitambo.

Miezi michache baadaye, Machi 1993, mchezaji aliyejiita Mr. Bungle alitumia programu iliyomwezesha kuandika vitendo kana kwamba vinatendwa na wengine, akawadhalilisha wenzake kijinsia mbele ya kadamnasi kwa maneno ya kikatili. Mwandishi Julian Dibbell alikieleza kisa hicho katika gazeti la The Village Voice mnamo Desemba mwaka huohuo, na tangu hapo kimesomwa sana na wanasheria na wanafalsafa. Waliodhalilishwa walilia machozi ya kweli mbele ya kompyuta zao. Wakadai mkosaji atolewe katika dunia hiyo kwa adhabu iliyojulikana kama kugeuzwa chura, yaani kufutwa.

Wananchi wakakutana. Walijadili kwa saa nyingi: je, kosa la maneno ni kosa? Ni sheria ipi iliyovunjwa, ilhali hapakuwa na sheria? Nani ana haki ya kuhukumu? Kikao kikaisha bila uamuzi, kwa kuwa hapakuwa na utaratibu wa kufikia uamuzi. Ndipo mchawi mmoja, baada ya kutafakari peke yake usiku uleule, akaandika amri na Mr. Bungle akatoweka. Wengi walifurahi. Lakini watu makini walitambua kilichotokea: haki ilikuwa imetendeka kwa njia ileile ambayo siku nyingine ingeweza kutenda dhuluma.

Curtis aliporejea safarini, aliweka mfumo wa maombi na kura. Hoja iliyoungwa mkono na watu wa kutosha ingepigiwa kura, na ikipita, wachawi wangewajibika kuitekeleza hata kama hawaipendi. Ilikuwa katiba, ingawa haikuitwa hivyo. Ilidumu kwa muda. Mwaka 1996 wachawi wakatangaza kwamba wameshindwa kujitenga na mambo ya kijamii, kwa kuwa karibu kila uamuzi wa kiufundi una upande wa kijamii, na wakajirudishia madaraka ya kuingilia kati.

Nawapa wanafunzi wangu kisa hiki kabla hawajasoma lolote kuhusu mpito wa kisiasa barani Afrika, kwa sababu kina hatua zote kwa ufupi. Kwanza, mtawala anayeacha madaraka bila kujenga taasisi hajawapa watu uhuru. Amewaachia ombwe, na ombwe hilo litajazwa na yeyote mwenye ufunguo. Pili, mkutano mkubwa wenye hoja nzuri si utawala. Watu wanaweza kukubaliana karibu wote na bado wasiamue, ikiwa hakuna kanuni inayosema uamuzi ni nini. Tatu, na hili ndilo zito zaidi, wananchi wa LambdaMOO walipewa kura lakini hawakupewa seva. Siku wachawi walipobadili nia, hapakuwa na mahakama ya kukata rufaa.

Mfalme aliyesahau kinga

Kisa cha tatu kinamrudisha Garriott. Mwaka 1997 alifungua Ultima Online, dunia ya mtandaoni ambamo maelfu waliweza kuishi kwa wakati mmoja. Agosti mwaka huo, katika siku za majaribio, aliingia akiwa Lord British, mfalme wa dunia hiyo, kuwahutubia raia. Mfalme alikuwa na kinga dhidi ya kifo, lakini kinga hiyo ilikuwa lazima iwashwe. Seva ilikuwa imezimika na kuwashwa tena, naye akasahau. Mchezaji aliyeitwa Rainz akatupa moto, bila shaka bila kutarajia lolote, na mfalme akaanguka akafa mbele ya umati. Baadaye Rainz alifukuzwa, na sababu iliyotajwa ikawa makosa yake ya awali. Wengi hawakuiamini sababu hiyo.

Watu hukisimulia kisa hiki kwa kucheka. Mimi naona ndani yake nadharia nzima ya ufalme. Kinga ya mfalme haikuwa katika damu yake wala katika taji, ila katika mstari mmoja wa programu ambao mtu aliuandika na mtu angeweza kuusahau. Mamlaka yote ya kibinadamu yako hivyo. Wanaojiona wamezaliwa nayo huwa wamesahau tu kwamba kuna mtu, mahali fulani, anayeiwasha kila asubuhi: askari anayepiga saluti, karani anayepiga muhuri, mpiga kura anayepanga foleni.

Lakini somo kubwa la Ultima Online lilikuja baada ya hapo. Watunzi waliwaachia wachezaji uhuru mpana. Nje ya miji yenye walinzi, yeyote aliweza kumwua yeyote na kuchukua mali yake. Waliamini kwamba wema watajipanga na kuwadhibiti waovu. Haikutokea hivyo kwa kiasi cha kutosha. Wauaji walipata faida ya papo kwa papo. Walinzi wa hiari walipata uchovu. Wageni waliuawa katika saa zao za kwanza na wengi hawakurudi tena. Yakajaribiwa mabadiliko kadhaa: sifa mbaya kuandikwa juu ya jina la mtu, majina ya wauaji kuwa mekundu, zawadi kwa atakayeleta kichwa cha mwuaji. Kila kanuni ilipata mjanja wa kuizunguka.

Mwaka 2000 wakaligawa jambo lenyewe. Wakatengeneza nakala ya pili ya nchi ileile, Trammel, ambamo hakuna mtu anayeweza kumwua mwenzake bila ridhaa. Nchi ya zamani, iliyoitwa Felucca, ikabaki na uhuru wake wote. Kila mtu alikuwa huru kuchagua. Wengi walihamia Trammel, na wauaji wa Felucca wakabaki wakilalamika kwamba nchi imekuwa tupu. Thomas Hobbes aliandika mwaka 1651 kwamba watu huacha sehemu ya uhuru wao ili wapate usalama. Hapa hoja yake ilipigiwa kura kwa miguu.

Lakini sikubali kwamba hapo ndipo kisa kinapokwisha, maana watawala wa mabavu hupenda sana kukiishia hapo. Trammel haikuwapa watu mtawala mwenye nguvu zaidi. Iliwapa kanuni iliyomfunga kila mtu sawasawa, na mlango uliobaki wazi wa kurudi Felucca. Usalama bila mlango ni gereza. Kila anayetuambia kwamba wananchi wanataka amani kuliko uhuru aulizwe kwanza kama mlango uko wazi.

Baraza lililosikilizwa

Kisa cha nne kinatoka Iceland, nchi ndogo ambayo kampuni yake ya CCP ilianzisha EVE Online mwaka 2003. Huu ni mchezo wa anga za juu, wenye biashara, ushirikiano wa maelfu ya watu, na vita vinavyopangwa kwa miezi. Mwaka 2007 ilibainika kwamba mfanyakazi mmoja wa kampuni, aliyekuwa pia mchezaji, alikuwa ameupa upande wake michoro adimu ambayo wengine hawakuweza kuipata kwa njia hiyo. Kwa lugha yetu, mwamuzi alikuwa na timu yake uwanjani. Waswahili husema mwamba ngoma huvutia kwake.

Kampuni ingeweza kumwadhibu mtu huyo na kunyamaza. Badala yake, mwaka 2008 iliunda baraza la wachezaji linalochaguliwa kwa kura, na kuanza kuwasafirisha wajumbe wake hadi Reykjavik kukaa meza moja na watunzi. Baraza halikupewa uwezo wa kutunga kanuni. Lilipewa uwezo wa kuona ndani, kuuliza na kurudi kuwaeleza wapiga kura.

Mtihani ulikuja mwaka 2011. Kampuni ilifungua duka la mapambo ya wahusika, ambamo miwani ya jicho moja iliuzwa kwa bei ya takriban dola 60 za Marekani, na waraka wa ndani uliovuja ukawafanya wachezaji waamini kwamba hatua inayofuata ni kuuza ushindi wenyewe. Wachezaji wakajaa katika mji mkuu wa biashara wa dunia hiyo, Jita, na kuufyatulia risasi mnara wa kumbukumbu usioweza kuvunjika. Ilikuwa maandamano, tena ya kisanii: walijua mnara hautaanguka. Wengine waliacha kulipia. Kampuni ikawaita wajumbe wa baraza kwa dharura, na mwezi Oktoba mkuu wake, Hilmar Veigar Pétursson, akaandika barua ya kuomba radhi kwa wachezaji na kuahidi kurudi katika yale waliyoyapenda.

Nimesoma historia za maandamano mengi, na ni machache yaliyoishia kwa mwenye mamlaka kuomba radhi kwa maandishi ndani ya miezi minne. Sababu si kwamba watu wa Iceland ni wema kuliko wengine. Sababu ni kwamba mchezaji anaweza kuondoka. Raia hawezi kufunga nchi yake kama anavyofunga akaunti. Kwa hiyo kila uhuru tunaoudai katika siasa, wa kura, wa habari, wa kukusanyika na wa mahakama, ni jaribio la kumpa mtu asiyeweza kuondoka nguvu ileile aliyonayo anayeweza kuondoka.

Kanuni kabla ya kete

Turudi nyumbani. Sisi si wageni wa fikra hizi. Katika baraza za pwani, bao lina mashimo 32 na kete 64, na kinacholifanya kuwa mchezo wa heshima ni kwamba watazamaji wanazijua kanuni sawa na wachezaji. Mtu akitaka kuhesabu vibaya, watu wanne watagutuka. Mzee mwenye cheo na kijana asiye na kazi huketi mkeka mmoja, na cheo hakimwongezei mtu kete. Mwanahistoria wa Uholanzi Johan Huizinga, katika kitabu chake Homo Ludens cha mwaka 1938, alitofautisha mdanganyifu na mvunja mchezo. Mdanganyifu bado anajifanya anazikubali kanuni. Mvunja mchezo anauangusha ubao wenyewe.

Kwa kipimo hicho, tazama kanda yetu. Mwaka 2005 Bunge la Uganda liliondoa ukomo wa vipindi vya urais, na Desemba 2017 likaondoa kikomo cha umri wa miaka 75. Yote mawili yalifanywa kwa utaratibu wa bunge, na mtetezi wake atasema hapakuwa na udanganyifu. Ni kweli. Ila kanuni zilibadilishwa wakati kete ziko mezani, na aliyenufaika ni yule aliyekuwa akicheza. Mtunzi yeyote wa michezo anajua kwamba badiliko la namna hiyo huharibu imani hata pale ambapo kila hatua ni halali.

Upande wa pili, tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilifuta uchaguzi wa rais. Msingi wa uamuzi haukuwa tu nani alipata kura ngapi, bali jinsi matokeo yalivyosafirishwa na kuhakikiwa. Mahakama ilikuwa imeagiza walalamikaji wapewe nafasi ya kuzikagua seva za tume, na tume haikutekeleza agizo hilo kikamilifu. Wakati ule wengi walidhani suala la seva ni la mafundi. Wananchi wa LambdaMOO wangewaambia kwamba hilo ndilo suala lenyewe. Anayepiga kura bila kuweza kukagua mahali kura inapohesabiwa amepewa sauti katika nyumba ambayo ufunguo wake uko kwa mwingine.

Sitaki msomaji aondoke akidhani kwamba nimeona paradiso katika kioo. Michezo hii nayo imejifunza kutoka kwetu, na imejifunza mabaya. Mingi leo huuza masanduku ya bahati nasibu ambayo mtoto hulipia bila kujua atapata nini. Ubelgiji iliyatangaza mwaka 2018 kuwa kamari haramu. Kampuni huzima dunia nzima siku faida inapokwisha, na kazi ya miaka ya wachezaji hupotea bila fidia. Na zaidi ya yote, katika mchezo mtu hufa akafufuka, ilhali aliyeuawa katika ghasia za uchaguzi hafufuki. Hofu ya mzazi na ya sheikh ina mahali pake.

Lakini kijana huyohuyo tunayemwonea huruma katika kibanda cha gemu anajua mambo matatu ambayo viongozi wengi wanayakana. Anajua kwamba kanuni hutajwa kabla ya mchezo kuanza. Anajua kwamba anayeshika kidhibiti hawezi kuwa mwamuzi. Na kila siku, mara kumi kwa saa, anafanya lile ambalo wengi wao hawajawahi kulifanya maishani: anashindwa, anampisha mwenzake, na kusubiri zamu yake. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Waswahili walilisema hilo zamani kabla ya kompyuta. Kijana huyu atakapofika umri wa kupiga kura, atadai kutoka katika dola na katika msikiti au kanisa lake kile anachokipata kwa shilingi chache kibandani. Asipokipata, hatutakuwa na haki ya kumlaumu kwa kupendelea kibanda.